Sauti ya Kale Haipatikani kwa Kubofya

Leo tuweke lugha za programu kando kidogo tuongee muziki. Msitoroke, teknolojia imo tele.

Desemba 2015, Rolling Stones waliingia studio ya British Grove, London, kurekodi nyimbo zao mpya. Kazi ikawa nzito, basi wakapiga wimbo mmoja wa zamani ili kuzoea sauti ya chumba. Ukawanogea, wakaendelea. Kwa siku tatu walikuwa wamemaliza albamu ya nyimbo 12 za blues, zote za watu wengine. Mick Jagger aliimba na kupuliza kinanda cha mdomo. Albamu hiyo, Blue & Lonesome, ilitoka Desemba 2016, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya Grammy.

Nyimbo nne kati ya hizo zilirekodiwa zamani na Little Walter wa Chicago, na historia yenyewe inaanzia kwake.

Kinanda cha mdomo cha blues ni kitu kidogo cha kutia mfukoni: matundu 10, ndani yake vijilimi 20 vya shaba vinavyotetemeka ukivuta au ukipuliza. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, baa za Chicago zilijaa magitaa ya umeme. Kinanda hicho kingesikika wapi katikati ya kelele hizo? Walter na wenzake walishika maikrofoni ya bei rahisi pamoja na kinanda, wakavifunika kwa viganja, kisha wakapitisha sauti kwenye amplifaya ya valvu. Hewa ilibanwa, maikrofoni ikazidiwa, valvu zikakata vichwa vya mawimbi ya sauti. Kwa fundi hilo ni kosa. Kwa msikilizaji, kinanda kidogo kiligeuka kitu kinene chenye mngurumo, karibu na saksafoni.

Mei 1952, akiwa na bendi ya Muddy Waters, Walter alirekodi Juke. Wimbo huo usio na maneno ulikaa namba moja kwa wiki nane kwenye chati ya R&B ya Billboard. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Sasa tuje kwetu watu wa kompyuta. Leo kuna programu za kuiga valvu, kuiga mwangwi, hata kuiga mchakacho wa sahani ya santuri. Mtu anarekodi kila ala peke yake, anasahihisha kila noti, halafu mwishoni anapaka "ukale" juu kama rangi. Kwa nini mara nyingi masikio yanakataa?

Naona sababu ni hii. Katika studio za enzi ya Walter, wanamuziki walipiga pamoja chumba kimoja. Maikrofoni ya kinanda ilisikia ngoma, ya ngoma ikasikia gitaa. Sauti zikishaingiliana hivyo huwezi kuzitenganisha. Mpiga ngoma akiteleza, wote mnarudia. Hakuna kitufe cha kutendua. Kwa hiyo kila mmoja anamsikiliza mwenzake kwa makini, na ule umakini ndio unaoingia kwenye rekodi. Rolling Stones walifanya vivyo hivyo: walipiga pamoja, bila kuongeza sauti baadaye.

Kumbukeni pia kwamba Walter hakuwa akitafuta sauti ya kale. Alitumia vifaa vya wakati wake, akavisukuma kupita mpaka. Alifariki Februari 1968 akiwa na miaka 37 tu, na mpaka leo wapulizaji wanahangaika kuifikia sauti yake.

Ukiwa na bendi, au hata kompyuta na maikrofoni moja, jaribu: wote chumba kimoja, wimbo mzima kwa mpigo mmoja, bila kusahihisha. Kisha sikilizeni. Halafu njooni tubishane hapa.