Umri wa Habari: Ukungu wa Vita na Upelelezi katika Michezo ya Mikakati ya Anga

Michezo mingi ya kompyuta inayohusu vita vya anga za juu bado humficha adui kwa kanuni ya nchi kavu. Kila chombo huzungukwa na duara la kuona: kilichomo huonekana papo hapo na bila kosa, kilicho nje hakionekani kabisa. Kanuni hiyo ilikuwa na mantiki katika Warcraft II ya mwaka 1995, ambako askari walitembea ardhini na upeo wa macho yao ulikuwa mfupi. Angani hakuna kilima wala msitu wa kujibanza. Injini inayowaka hutoa joto, na joto hilo hujitokeza wazi mbele ya ulimwengu ambao mnururisho wake wa nyuma una kelvini 2.7 tu. Kwa hiyo mbunifu anayefuta kundi zima la meli kwa sababu limevuka mstari wa duara anamnyima mchezaji kitu ambacho kingeonekana, huku akimpa bure kitu ambacho hangeweza kukipata: habari ya sasa hivi. Kinachostahili kufichwa angani ni umri wa habari na maana yake.

Tuchukue meli iliyo karibu na Neptune. Mwanga wake huifikia Dunia baada ya saa 4 na ushei. Ikiwasha injini na kuongeza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, basi mwako huo unapoonekana duniani, meli imekwisha kusogea zaidi ya kilomita 100,000, na mtazamaji hajui kama imeendelea, imegeuka au imezima. Ramani ya haki ingechora alama yenye saa yake na tufe la mahali inapoweza kuwa, tufe linalotanuka kadiri habari inavyochakaa. Hata joto lenyewe halisemi mengi: mwako mkubwa waweza kuwa wa manowari moja au wa meli kadhaa za mizigo zilizosongamana. Hapo mpelelezi anapata kazi yenye hadhi. Badala ya kuzurura ili kufuta weusi kwenye ramani, anatumwa kujibu swali mahususi, na kamanda hana budi kupima iwapo jibu hilo lina thamani ya kuhatarisha chombo.

Wazo hili lina mizizi ya zamani. Katika Kriegsspiel, mchezo wa kivita ambao Reisswitz mdogo aliuchapisha huko Prussia mwaka 1824, mwamuzi ndiye aliyepokea amri na kutoa ripoti, na aliweza kuzichelewesha. Wachezaji walipigana na taarifa kabla ya kupigana wao kwa wao. Kwa upande wa anga, Stellaris ilipiga hatua mwaka 2021 ilipoleta kipimo cha ujuzi kuhusu dola nyingine, kutoka 0 hadi 100, hivi kwamba uchumi, jeshi na diplomasia hufunuka kwa vipande. Hatua hiyo ni njema, lakini imeishia nusu njia, kwani kundi la meli lililo ndani ya masafa ya vitambuzi bado huonekana mahali lilipo dakika hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba michezo hii ina meli zipitazo kasi ya mwanga, hivyo ucheleweshaji hauna nafasi. Kinyume chake, ndipo unapopata nguvu: meli kama hiyo huwasili kabla ya mwanga wake, na mjumbe anayeruka kurudi nyumbani huleta habari mbichi kuliko darubini yoyote. Pingamizi zito zaidi ni la mzigo wa akili. Mchezaji mwenye makundi ishirini hawezi kusoma saa ya kila alama, na kutomjali ni kumfukuza. Hata hivyo mzigo huo unabebeka iwapo kompyuta itafanya hesabu, ikififisha rangi ya alama kadiri inavyozeeka na kumwonya mchezaji pale tu tufe linapogusa kitu chake. Katika michezo ya kasi kama StarCraft nisingependekeza mfumo huu, maana huko sekunde chache huamua pambano. Katika ile ya zamu, ambako mchezaji hukaa na kutafakari, sioni sababu ya kumpa ramani inayodai kujua kila kitu kilicho ndani ya duara.