Muziki wa filamu Night Mail

Muziki wa Night Mail ulitungwa na Mwingereza Benjamin Britten kwa ajili ya filamu ya hali halisi ya mwaka 1936 kuhusu treni ya posta iliyosafiri usiku kutoka London hadi Scotland. Filamu ilitengenezwa na kitengo cha filamu cha Posta ya Uingereza chini ya John Grierson, ikiongozwa na Harry Watt na Basil Wright. Alberto Cavalcanti alisimamia sauti. Britten alikuwa na miaka 22 tu.

Kwa sehemu kubwa ya filamu, masikio ya mtazamaji yameachiwa vishindo vya treni, maneno ya wafanyakazi wanaopanga barua, na sauti ya msimulizi. Muziki umewekewa hasa dakika za mwisho, treni inapopanda vilima vya Scotland. Ukimya huo wa muziki kabla ya hapo ndio unaoupa nguvu: ukiingia, mtazamaji tayari anaujua mwendo wa treni, na ngoma zinauendeleza pale pale ulipoishia. Britten alikuwa na wapigaji wachache, akachanganya ala za kawaida na vifaa vya karakana. Mvuke wa injini, kwa mfano, uliigwa kwa kukwaruza msasa.

Juu ya mdundo huo linasomwa shairi la W. H. Auden, aliyekuwa akifanya kazi katika kitengo hicho. Mistari ilipunguzwa na kubadilishwa hadi ikaenda sawa na picha. Kurekodi kulikuwa kugumu. Shairi lilipaswa kufuata mapigo ya muziki bila kuteleza, na sehemu yake ya kasi, iliyosomwa na Stuart Legg, haikumwachia nafasi ya kuvuta pumzi. Ikabidi lirekodiwe vipande vipande, kisha viunganishwe. Britten aliongoza wapigaji akitazama mimweko ya mwanga kwenye skrini, iliyomwonyesha kila pigo liangukie wapi.

Si kila mtunzi wa filamu za aina hii alianzia kwenye kelele za kazi. Virgil Thomson wa Marekani, katika Louisiana Story (1948) ya Robert Flaherty, alichukua nyimbo za Wakajuni, wenyeji wa mabwawa ya Louisiana wenye asili ya Kifaransa, akaziandikia okestra. Muziki huo ulipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1949.