Nzige wa jangwani: mvua inawazalisha, upepo unawabeba

Nzige wa jangwani ni mdudu wa jamaa ya panzi. Wakati wa ukame anaishi peke yake na anaruka usiku. Hali ya hewa ndiyo inamgeuza kuwa adui wa mashamba.

Mvua: jike anataga mayai ndani ya mchanga wenye kulowana. Majani yakiota, watoto wanapata chakula na wanaongezeka. Majani yakianza kukauka, wote wanasongamana fasi moja. Kule kugusana kunabadilisha rangi na tabia yao, wanakuwa kundi.

Jua: usiku kundi linalala juu ya miti. Asubuhi baridi inawazuia kuruka, wanaota jua kwanza kwa masaa mawili ao matatu. Huo ndio wakati mzuri wa kupuliza dawa.

Upepo: mchana wanaufuata, hata kilometa 150 kwa siku.

Mwaka 2018, tufani mbili, Mekunu na Luban, zilileta mvua nyingi katika jangwa la Arabia. Nzige wakazaana kule bila watu kuwaona, kisha makundi yakaingia Yemen, Somalia, Ethiopia, Kenya na Uganda. Mwezi wa pili 2020, kikundi kidogo kikafika Ituri, kando ya Ziwa Albert. Ilikuwa mara ya kwanza Kongo tangu 1944.

Kundi la kilometa moja ya mraba linaweza kula kwa siku chakula cha watu 35 000. Kwa hiyo mvua ya jangwani, hata ikinyesha mbali, inamhusu pia mkulima wa Ituri.