Giza la Epeme na Taa za Kompyuta

Wanaocheza michezo ya kuigiza wahusika kwa kompyuta wanalijua hili: ukimwingiza mhusika wako pangoni, skrini inakuwa nyeusi tii. Unaona pale tu mwenge wako unapofika. Ukuta ukikatiza, mwanga unaishia hapo. Mwenzako aliye chumba cha pili haoni unachokiona wewe. Msimamizi wa mchezo, yeye anaona vyote.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mdomo. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974, msimamizi alisimulia tu mwanga wenu umefika wapi, na mlimwamini. Toleo la tano, la 2014, limeweka hesabu kabisa: mwenge unatoa mwanga mkali futi 20, kisha futi 20 nyingine za mwanga hafifu. Roll20 iliyoanza 2012, na Foundry iliyotoka 2020, zikaikabidhi kompyuta hesabu hizo.

Mimi nikiyasoma haya akili inakwenda Munguli, wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, upande wa bonde la Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe.

Wahadzabe wana ngoma iitwayo epeme. Inachezwa usiku usio na mwezi, na mioto ya kambi inazimwa kwanza. Yaani giza hili si la kukosa taa, ni la makusudi. Wanawake wanakaa pamoja wakiimba. Wanaume wanajitokeza mmoja mmoja kwa zamu, manyoya ya mbuni kichwani, njuga mguuni, kibuyu cha kutikisa mkononi. Humwoni, unasikia kishindo cha mguu na njuga. Na anayecheza pale si yule tu uliyekula naye asali mchana. Anacheza kwa niaba ya ndugu, na wanawake wanamjibu. James Woodburn, mwanaanthropolojia aliyeanza kukaa na Wahadzabe mwishoni mwa miaka ya 1950, ni kati ya walioieleza ngoma hii.

Hapa ndipo naona tofauti kubwa. Kompyuta inampa kila mchezaji giza lake, halafu inamwachia mtu mmoja macho ya wote. Kwenye epeme giza ni moja, la kambi nzima, hakuna aliyekaa juu akiangalia ramani. (Wapenzi wa Foundry msinune, nayo ina raha yake.)

Tatizo ni kumbukumbu. Serikali ilipojaribu kuwahamishia Wahadzabe vijijini miaka ya 1964 na 1965, maisha yao yalitazamwa kwa kile kinachoonekana mchana: hawalimi, hawafugi, hawana nyumba za kudumu. Hata leo picha zao tunazozizoea ni za upinde na nyani. Mtalii akiwasha tochi ya simu usiku ule ili arekodi, atapata mwanaume aliyevaa manyoya, basi. Kinasa sauti kingefaa zaidi, kwa ruhusa ya wenyewe, na maneno ya wanawake wale yaandikwe kwa Kihadzabe, na vidoko vyake vyote.