Ubao wa Mfumi wa Ufipa

Ubao huu mgumu, urefu wa mkono mzima, ulikaa darini kwa bibi yangu Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, na kila aliyeushika alisema lake: mwiko wa ugali, upanga wa ngoma. Mimi nilitazama ukingo wake. Upande mmoja umekonda na kung'aa, una mikwaruzo myembamba iliyopangana kama meno ya kitana. Uzi ndio unaochora hivyo, miaka nenda miaka rudi. Ni ubao wa mfumi: huchomekwa kati ya nyuzi za mtande, zile za urefu, husimamishwa kufungua njia ya mshindio, uzi wa kukingama, kisha hulazwa na kuvutwa kwa nguvu kuushindilia.

Kitanda chenyewe cha kufumia kililazwa chini, kimefungwa kwenye vigingi, na pamba ililimwa huko huko.

Ufumaji haukuwa wa Ufipa tu: mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyamwezi mwaka 1857, aliwakuta wafumi kazini huko pia. Lakini merikani, nguo ya pamba kutoka Salem, Massachusetts, ilikwisha kuingia, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, na Marekani. Ilikuwa nafuu, ikatumika hata kama fedha. Hata hivyo Wafipa waliendelea kufuma hadi karne ya 20, na hilo linanipa fahari kubwa. Nguo yao ilikuwa nzito, ya kuhimili baridi ya nyanda za juu.