Stesheni ya namba

Stesheni ya namba ni kituo cha redio ya mawimbi mafupi kinachotangaza makundi ya tarakimu au herufi bila kujitambulisha, mara nyingi kwa sauti ya mtu. Inaaminika kuwa vituo hivyo huendeshwa na idara za ujasusi ili kupeleka ujumbe wa siri kwa majasusi walio nchi za nje.

Utendaji

Mawimbi mafupi (megahezi 3 hadi 30) hurudishwa chini na ionosfera, hivyo hufika umbali wa maelfu ya kilomita. Jasusi huhitaji redio ya kawaida, kalamu na karatasi tu. Kila mtu anaweza kuyasikia matangazo hayo, lakini ni vigumu kutambua ni nani anayelengwa.

Siri imo katika ufunguo, yaani orodha ya tarakimu zilizopangwa kwa kubahatisha, ambayo mtumaji na mpokeaji peke yao wana nakala zake. Kila tarakimu ya ujumbe hujumlishwa na tarakimu ya ufunguo bila kubeba makumi: 7 na 5 huandikwa 2. Mpokeaji hutoa ufunguo ili kupata ujumbe, kisha huharibu karatasi. Ufunguo ukitumika mara moja tu na kubaki siri, ujumbe hauwezi kufumbuliwa hata kwa kompyuta.

Mifano

- Lincolnshire Poacher: kilipewa jina la wimbo wa jadi wa Uingereza uliotangulia matangazo yake. Sauti ya kike ilisoma tarakimu katika makundi ya tano tano. Wasikilizaji walikihusisha na ujasusi wa Uingereza na kisiwa cha Kupro. Kilinyamaza mwaka 2008.
- UVB-76: kituo cha Urusi katika kilohezi 4625. Hutoa mlio unaokatikakatika, na mara chache sauti husoma majina na namba kwa Kirusi. Hudhaniwa kuwa cha jeshi.

Kesi ya Ana Montes

Ana Montes, mchambuzi katika idara ya ujasusi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, alipokea maagizo ya Kuba kwa njia hii na kuyafumbua kwa kompyuta. Wapelelezi wa FBI walikuta katika kompyuta hiyo maandishi yaliyofutwa ambayo bado yaliweza kusomeka. Alikamatwa tarehe 21 Septemba 2001, akakiri kosa mwaka 2002 na kuhukumiwa kifungo cha miaka 25. Aliachiwa Januari 2023.