Waliobaki Chini



Nilipomaliza shahada yangu ya uuguzi hapa Uingereza, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye wodi ya wazee huko Lincolnshire. Tulikuwa na mgonjwa mmoja, mzee wa zaidi ya miaka themanini, aliyekuwa akiamka kila usiku yapata saa kumi, akakaa kitandani akiangalia dirishani huku midomo yake ikihesabu. Niliandika kwenye faili lake kwamba usiku huchanganyikiwa. Binti yake ndiye aliyenisahihisha. Wakati wa vita baba yake alikuwa fundi wa injini za ndege za mabomu, na saa kumi alfajiri ndiyo saa aliyozoea kuzingoja zirudi. Mzee hakuchanganyikiwa. Alikuwa anahesabu ndege.

Niliona aibu, nikaanza kusoma.

Lincolnshire ni tambarare, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ilijaa viwanja vya ndege za kijeshi. Ndege iliyojulikana zaidi ni Lancaster, iliyoanza kazi ya vita Machi 1942. Zilitengenezwa 7,377. Ilikuwa na injini nne na watu saba: rubani, fundi wa safari, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu na mmoja mkiani. Wengi wao walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu. Walitakiwa kumaliza safari 30 kabla ya kupumzishwa, na wengi hawakufika. Kati ya warushaji wapatao 125,000 wa Bomber Command, kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, walikufa 55,573. Usiku mmoja tu, wa kuamkia tarehe 31 Machi 1944, ndege 795 zilitumwa Nuremberg, na 95 hazikurudi.

Hao ndio wanaosimuliwa. Lakini kila ndege ilikuwa na mafundi wake waliobaki chini: wa injini, wa bodi, wa umeme, wa vipimo, na wapakiaji wa mabomu na risasi. Walifanya kazi nje uwanjani, kwenye upepo na barafu, mara nyingi bila glavu, kwa sababu huwezi kufunga nati ndogo ukiwa umevaa glavu nene. Tangi zilibeba lita zipatazo 9,800 za petroli, na chini yake yakaning'inizwa mabomu, kwa hiyo kosa dogo lingeweza kuua hata kabla ndege haijaruka. Wanawake wa jeshi la anga nao walikunja miavuli ya kurukia na kuendesha magari yaliyowapeleka vijana kwenye ndege zao.

Kabla ya kuondoka, rubani alitia saini fomu iliyoitwa Fomu 700, kuonyesha kuwa ameipokea ndege kutoka kwa mafundi. Sisi wauguzi tunalijua jambo hilo. Kila mwisho wa zamu tunamkabidhi mgonjwa kwa mwenzetu, tunaandika, tunaondoka. Ila moyo haukabidhi chochote. Mafundi walisema ndege ni yao, warushaji wanaazima tu. Ndege isiporudi, fundi alibaki akijiuliza kama ni nati aliyoifunga yeye. Mara nyingi hakupata jibu. Baada ya muda mfupi ililetwa ndege nyingine na vijana wengine saba, akaanza upya.

Tuseme ukweli wote. Mabomu yale yaliangukia miji yenye watu. Hamburg, Julai 1943, walikufa makumi ya maelfu. Dresden, Februari 1945, walikufa watu wapatao 25,000. Kati yao walikuwamo akina mama, watoto na wagonjwa waliokuwa vitandani. Kuheshimu kazi ya mafundi si kusahau waliokuwa upande wa pili.

Na si Waingereza peke yao waliofanya kazi hiyo. Kutoka visiwa vya Karibi walikuja watu wapatao 6,000 kujiunga na jeshi la anga la Uingereza, wengi wao wakifanya kazi za chini. Mmoja aliyeruka ni Ulric Cross wa Trinidad, mwongoza njia wa ndege ya Mosquito, ndege ya mbao ya watu wawili. Alifanya safari 80 akarudi hai. Nasi tuna sehemu yetu katika habari zake: kuanzia 1967 hadi 1971 alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania. Alifariki mwaka 2013. Mara zote 80 alizopanda ndege, kuna watu waliokuwa wameikagua.

Katika bustani ya Green Park, London, kuna kumbukumbu iliyozinduliwa 2012, yenye sanamu saba za shaba. Zote ni za warushaji. Lakini kwenye kilima kimoja nje kidogo ya Lincoln kuna mnara wa mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster, na kuta zake zina majina karibu 58,000, wakiwamo waliokufa wakitumikia chini. Nimewapeleka wanangu pale. Tulisoma majina mpaka baridi ikatushinda.

Watoto, leo mtasikia tena habari za Luteni Alexander Nyirenda aliyepandisha bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa Uhuru, 1961. Mpigieni makofi, anastahili. Kisha waulizeni wazee mezani: mizigo ilibebwa na nani? Nani alipika, nani alikesha chini akingoja? Ulizeni sasa, wakati bado wapo wa kujibu. Mzee wangu wa wodini sikumwuliza hata swali moja.